Mega 2400, na Shemeji Bado Ameganda

Asubuhi hii shemeji aliyeko Ubelgiji ameganda kwenye skrini, mdomo wazi, akiwa bado hajamaliza kuniuliza habari za msiba. Na laptopu yangu sasa ina kadi ya Wi-Fi ya mega 2400, yaani megabiti 2400 kwa sekunde!

Ndivyo alivyoniapia yule kijana wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mwenye meza kando ya soko. Alikuwa ameshang'oa mfuniko wa laptopu, skrubu zangu zote zimo ndani ya kizibo cha bia ya Simba.

"Papa, kadi hii ya zamani inajua masafa ya gigahertz 2.4 peke yake. Tukuwekee kadi ya Wi-Fi 6E, inapanda mpaka gigahertz 6."

Nikatikisa kichwa polepole kama mzee wa kanisa anayesomewa hesabu za sadaka. "Na modemu ya nyumbani inatoa hiyo 6?"

Akapuliza vumbi.

"Na mimi ninalipia intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde. Hizo 2400 zitatoka kwa nani, kwa shangazi yako?"

"Papa, kadi ni kadi."

Kadi ni kadi! Kadi hukimbia kati ya laptopu na modemu, basi. Toka modemu kwenda nje ni pesa yako, na pesa yangu inaishia 5. Tena ni biti, si baiti: gawanya kwa 8 ndipo ujue faili inashukaje. Gigabaiti moja inakaribia nusu saa, umeme ukipenda.

Akachomeka kadi iitwayo AX201, mashine ikaikana mbele za watu. Hiyo inataka prosesa (ubongo wa mashine) ya Intel iliyotengenezwa kuipokea, na yangu ni ya zamani. "Iko ingine, papa," akasema, akatoa kadi nyingine, AX210, chini ya meza. Bei nayo ikapanda pale pale, mimi nikiwa nimeshika betri mkononi. Utakwenda wapi na betri mkononi?

Sebuleni, mistari ya wifi imejaa. Chumbani, hakuna kitu. Jana usiku nikaifungua laptopu kwa kisu cha mboga: kuna nyaya mbili za antena, mweupe na mweusi. Mweupe umebanwa vizuri. Mweusi umelala pembeni chini ya gundi ya karatasi, hata kadi haujaigusa! Na yule kijana pesa kachukua ya nyaya zote mbili.

Dereva wa teksi aliyenirudisha toka sokoni naye akanidai nauli ya laptopu, eti imekalia kiti.

Na hiyo modemu yenyewe iko nyuma ya televisheni, mke wangu ameifunika kitambaa cha kusuka, juu kaweka maua ya plastiki. Thubutu kukigusa, utakula bukari (ugali) bila mboga. Upande wa pili wa ukuta wamepanga mstari watoto wa jirani, migongo kwenye matofali yangu, simu mikononi, mpaka rangi imebanduka. Sasa mama yao amebisha hodi, kajifunga kitenge cha heshima kabisa:

"Papa, wifi yenu iko na shida gani? Watoto hawajalala."