Methadoni ni bure, nauli je?

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kijiji chetu kiko barabara ya Pangani ila sikitaji maana Tanga hii tunajuana wote. Alikuwa mvuvi mzuri tu. Kaskazi moja akaenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na wenzake, akarudi na hela na kokteli. Kokteli kwa msioijua ni bangi imenyunyiziwa unga, yaani heroini, ndo wengi wanapoanzia, mtu anadhani anavuta bangi tu, akija kuikosa siku mbili anapiga miayo, makamasi yanamtoka, tumbo linaharisha, viungo vinamuuma mpaka analia, na mama mdogo anakimbia kumnunulia dawa ya malaria. Mara ya pili kapelekwa kwa mganga, tukaambiwa jini la baharini, limetaka kuku mweupe na marashi. Kuku kachinjwa. Ilikuwa arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga.

Watu wakisikia unga wanawaza vijiwe vya Dar, au zile shehena za kwenye taarifa ya habari, kama Desemba 2023 mamlaka ya dawa za kulevya walivyotangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar na Iringa. Hongera zao, sikejeli. Ila kijijini unga hauji kwa kilo, unakuja kwa kete, vipakiti vidogo vya kutumia mara moja, mfukoni mwa mtu kashuka kwenye bodaboda kama mgeni wa kawaida. Na unapata soko kwa sababu ambayo sijui kwanini hatuisemi, mvuvi anashika hela kila siku. Mkulima wa mahindi anasubiri mavuno, mvuvi ngalawa ikifika asubuhi mgao huo mkononi, na pusha, muuza unga, anajua saa ya kurudi vyombo kuliko hata wachuuzi wa samaki. Halafu kazi yenyewe ya usiku, baridi, njaa, mgongo umekatika, unga unakuondolea vyote kwa masaa machache tu kisha unakurudishia na riba, ndo maana kete moja inakuwa tatu kwa siku.

Sasa huku hakuna mageti wala walinzi. Bibi jirani anaanika mwani wake anaingia ndani kuswali, akitoka hamna. Nazi zinaangushwa changa. Betri ya sola, nyavu, sufuria lina wali ndani (hili nimeliona kwa macho yangu, wali ulimwagwa vizuri tu kwenye sinia, aisee, hata wizi una adabu za kwao). Tulikuwa tunafunga mlango kwa kipande cha kamba mbuzi wasiingie, leo kila nyumba kufuli. Na kinachonitisha mimi si wizi, ni siku watakapomkamata mmoja usiku halafu waliomshika ni wajomba zake, baba zake wadogo, watu waliomtia jando.

Kuna kijana mwingine nyumba ya tatu kutoka kwetu, wazazi wake waliuza shamba wakampeleka soba, nyumba ya kuachishia unga, miezi minne, si karibu. Karudi kanenepa, anaswali jamaa, kila mtu anamshika mkono. Wiki haikuisha tukamzika. Kijiji kizima kinasema karogwa. Jamani, hakurogwa. Mtu akikaa miezi bila unga mwili unasahau, akirudia kile kipimo alichokuwa anakizoea zamani pumzi inakata. Walipaswa kuambiwa hivyo yeye na mama yake siku anatoka, na hawakuambiwa.

Ndo nikasema huyu wetu aende methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga. Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, na sisi sasa tunayo hospitali ya Bombo, mjini Tanga hapo. Ni bure, unakunywa mbele ya nesi, inashika siku nzima bila arosto na bila kulewa. Mi naiamini, nimeona inavyofanya kazi, dogo kaanza kula, kaanza hata kubishana mpira.

Tatizo ni kwamba inanyweka kila siku. KILA siku, Jumapili imo. Wale wa Ngamiani, mjini huko huko, wanatembea kwa mguu, huyu wetu anahitaji nauli kwenda na kurudi, na ukiijumlisha hiyo nauli ni hela ya kete, sasa niambie mtu ambaye bado anajifunza kutamani kitu kingine unampa mtihani gani huo kila alfajiri kituoni? Halafu kazi. Bahari haifuati saa za dirisha la dawa, bamvua, maji makubwa, likiingia chombo kinatoka usiku kinarudi kinapojaaliwa, kwa hiyo inabidi achague, ngalawa au dawa. Akichagua ngalawa kesho yake ana arosto, akichagua dawa hana kazi hana nauli. Ule msemo wetu wa waja leo waondoka leo, yeye anauishi.

Maoni yangu, na najua kuna watakaonipinga, waliotulia kwa muda mrefu wapewe dozi za siku kadhaa waende nazo nyumbani, au dawa ifuate watu kwenye zahanati zetu hata vijiji viwili vitatu. Marekani wakati wa korona, Machi 2020, waliruhusu mgonjwa aliyetulia kuondoka na dozi za hadi siku 28. Hatari ipo, methadoni mtoto akiionja inaweza kumuua, na wapo watakaoiuza. Basi iwekwe kwenye kisanduku cha kufuli, si kufuli tumeshajifunza kununua?

Kwa sasa nauli inatoka kwenye vitumbua vya mama mdogo, na dogo anashona nyavu za watu ufukweni kwa vihela vidogo. Idi iliyopita tumetoka kuswali, pilau linanukia mtaa mzima, yeye kasimama kituoni na kanzu yake anasubiri gari. Mama mdogo kamfunikia sahani akaiweka juu ya kabati watoto wasiifikie.