Mafunzo hayamfikii anayepokea barua

Wiki iliyopita aliingia dukani kwangu mama mmoja wa makamo, mhudumu wa ofisi moja hapa mjini Tanga ambayo sitaitaja. Alitaka nimchapie barua. Steshenari yangu iko Ngamiani na watu wa maofisini ni wateja wangu wa kila siku, kwa hiyo sikuona ajabu mpaka alipoanza kunisomea alichoandika kwa mkono. Ilikuwa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu.

Kisa chenyewe ni hiki. Bosi wake alimtumia orodha kwenye simu, akamwambia, "Isambaze kwenye grupu." Orodha ya watu wanaodaiwa: majina matatu matatu, namba za simu, na deni la kila mmoja pembeni. Yule mama ana magrupu mawili ya kazi yenye majina yanayokaribiana, moja la watumishi, jingine la wateja wenyewe. Akabonyeza lile la wateja. Alipokuja kushtuka, watu walishaisoma, walishaituma kwingine, na wengine walishaanza kupiga simu kutukana.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi niliajiriwa kufagia na kupeleka mafaili. Hata hii simu kaninunulia mwanangu. Nani aliyekaa na mimi akanifundisha haya mambo?"

Barua nimemchapia. Ila swali lake limenikaa, na jibu ninalo: hakuna aliyekaa naye. Hilo si kosa lake.

Soma tangazo lolote la nafasi ya mhudumu wa ofisi uone kazi zilizoandikwa. Kufanya usafi. Kufungua milango na madirisha asubuhi na kuyafunga jioni. Kutayarisha chai. Kuchukua na kupeleka majalada kwa maofisa. Kupeleka na kuchukua mifuko ya posta. Kudurufu barua kwenye mashine. Kazi za heshima zote. Lakini katibu muhtasi akistaafu na nafasi yake ikakaa wazi, au karani wa masjala akienda likizo ya uzazi, hizo kazi zao zinahamia wapi? Zinahamia kwa mhudumu. Ndiye anayeinua simu ya mezani. Ndiye anayeskani. Ndiye anayefungua barua pepe ya ofisi kwa paswedi ya bosi, iliyoandikwa kwenye kikaratasi na kubandikwa chini ya skrini. Kwenye makaratasi anabaki mhudumu, mshahara unabaki wa mhudumu, ila siku jambo likiharibika anaulizwa kana kwamba alisomea teknolojia ya habari.

Mafunzo yapo, nayaona yakipita. Mfumo mpya ukija, barua ya mwaliko inakuja pamoja nao, na anayepakia begi kwenda Dodoma au Morogoro ni mkuu wa idara, au mtu wa karibu naye. Anakaa ukumbini, anaangalia slaidi za Kiingereza kwenye projekta, anapewa cheti, anarudi. Akirudi hagusi ule mfumo, maana cheo chake hakimtaki aguse. Kazi ya kuingiza barua, kuambatisha jalada na kutafuta kumbukumbu namba inashuka kwa mtu ambaye hakuwahi hata kuona ile slaidi. Serikali imejitahidi upande wa mitambo, sitaki kudhulumu. Sheria ya Serikali Mtandao ipo tangu 2019, Mamlaka ya Serikali Mtandao inafanya kazi yake, majalada yanahamia kwenye ofisi mtandao, malipo yanakwenda kwa kontroli namba. Lakini jalada la kielektroniki linahitaji mtu wa kulifungua, na mtu huyo amesahauliwa.

Mji huu ndio wa mwisho kustahili aibu hii. Hapa Tanga, katika miaka ya 1890, Wajerumani walifungua shule ya serikali ili wapate makarani, wakalimani na maakida wanaojua kusoma na kuandika Kiswahili. Baadaye gazeti la Kiongozi likawa linachapwa kwenye shule hiyo hiyo. Walifanya kwa faida yao, kwa kodi zao na amri zao, na sina cha kuwashukuru. Lakini walielewa kwamba ofisi haiendi bila karani aliyefunzwa, wakaanza na karani.

Shangazi yangu alisoma Chuo cha Uhazili Tabora enzi za taipureta. Kila mtu anakumbuka hatimkato, yaani kuandika kwa alama fupi ili kwenda na kasi ya anayesema, maana hata leo matangazo ya kazi yanataja maneno 80 au 100 kwa dakika. Lakini alichokuwa akitusimulia zaidi ni vitu vingine. Alifundishwa kwamba karatasi ya kaboni iliyotumika haitupwi kwenye ndoo. Inachomwa, kwa sababu ukiinyanyua kwenye mwanga barua nzima inasomeka. Alifundishwa kwamba barua ya siri ikiwa mezani na mgeni akaingia, unaigeuza kabla hujamwambia karibu. Alifundishwa kusema kwenye simu jina la ofisi kwanza, kisha jina lake, kisha "nikusaidie nini?" Alifundishwa kuandika ujumbe wa simu: nani kapiga, saa ngapi, anataka nini, apigiwe namba gani. Katika mafunzo yale, mashine na adabu vilikuwa somo moja. Hakukuwa na mtu wa kujua kuchapa asijue kutunza siri.

Sasa nikuambieni ninachokiona kwenye kompyuta ya dukani kwangu. Mtu wa ofisi anakuja mbio, printa yao haina wino. Ananitumia barua kwa WhatsApp, kwenye namba yangu binafsi. Nafungua: ina mhuri wa SIRI. Mwingine analeta flashi, na ndani yake mna usaili wa watu, vyeti vya kuzaliwa, namba za NIDA, matokeo ya vipimo vya hospitali. Mwingine anaingia kwenye barua pepe ya ofisi kwenye mashine yangu, anachapisha, anaondoka, akaunti inabaki wazi. Mimi kila jioni nafuta vilivyopakuliwa na kufunga akaunti za watu kabla sijazima mashine, kwa sababu ya shangazi yangu na kaboni zake. Je, duka la pili? La tatu? Kijana wa zamu aliyeachiwa duka, atafuta?

Na si uzembe wao. Hakuna aliyewaambia kwamba faili linabaki kwenye mashine baada ya kuchapisha. Mtu anadhani likitoka karatasi limeondoka. Ukimweleza mara moja, kwa Kiswahili, ukamwonyesha lile folda limejaa barua za maofisi matano tofauti, anashika kichwa. Nimeona hilo kwa macho yangu. Watu hawa wanaelewa haraka sana, kwa sababu walishajua kubeba bahasha iliyofungwa bila kuichungulia. Wanachohitaji ni kuonyeshwa bahasha ya siku hizi ikoje.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Wajibu wa kulinda taarifa za watu inauweka kwa anayezikusanya na anayezichakata, yaani taasisi. Kwa hiyo ofisi inayokusanya madeni ya watu, kisha ikampa mhudumu asiyefunzwa azirushe kwa simu yake mwenyewe, kwa bando lake mwenyewe, kwenye grupu la WhatsApp, ijieleze yenyewe kwanza. Kwa nini orodha ile ilitoka ofisini kwa njia hiyo? Nani aliidhinisha? Kwa nini watumishi wote walihitaji kujua deni la kila mteja? Maswali haya sikuyaona kwenye barua aliyoandikiwa yule mama. Yeye aliulizwa kidole chake kiligusa wapi.

Upande wa mawasiliano na wananchi nao unaniuma. Mzee ametoka Tongoni alfajiri, kapanda daladala, kafika mapokezi. Anaambiwa, "Mfumo uko chini, njoo kesho." Mara nyingine mfumo kweli uko chini. Mara nyingine aliyeko mapokezi hana akaunti ya kuuingia, na anaona haya kusema hivyo, kwa hiyo anasema lile neno linalommaliza mzee bila mjadala. Angefunzwa, angeweza kusema: barua yako tumeipokea tarehe fulani, iko kwa ofisa fulani, namba yake hii, nipe namba yako ya simu nikupigie kabla hujapoteza nauli. Sentensi hizo hazihitaji kompyuta mpya. Zinahitaji mtu aliyepewa ruhusa ya kuona barua iko wapi, na aliyeambiwa kwamba ana haki ya kumjibu mzee. Watu wa Tanga hatufundishwi kusema shikamoo wala karibu kiti, tunakua navyo. Lakini ukarimu peke yake haumwambii mzee faili lake liko meza gani.

Wakuu wa ofisi, najua mtajibu kwamba hakuna bajeti. Nakubali, ofisi nyingi hazina. Najua pia kwamba wapo wahudumu ambao ukiwaita kwenye mafunzo wanauliza posho kabla ya somo, nao nimewaona. Lakini posho hawakuibuni wao.

Na vyuo? VETA wapo hapa mjini, Chuo cha Utumishi wa Umma kina kampasi hapa hapa Tanga. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na vile vyumba vya kompyuta vya miezi mitatu vinavyomfundisha binti kutengeneza kadi ya harusi kwenye Publisher, akamaliza bila kuandika hata barua pepe moja yenye mada, salamu, maelezo na kiambatisho kilichopewa jina linaloeleweka. Anaajiriwa, anatuma faili linaloitwa "Doc1 mpya mpya" bila neno lolote ndani, na anayepokea anadhani ni virusi.

Kuhusu wale wanaosema vijana wa sasa wamezaliwa na simu mkononi: kujua kuweka video mtandaoni hakumfundishi mtu kwamba barua ya mkuu wa mkoa haipigwi picha na kuwekwa kwenye stetasi.

Wakati wa kulifanya hili ni sasa. Bandari imechimbwa na kupanuliwa. Bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, kilomita 1,443, mwisho wake Chongoleani, hapa hapa Tanga. Kampuni zinazokuja na kazi hizo zinataka watu wa mapokezi, wa masjala, wa kuratibu mikutano ya mtandaoni. Kama watoto wa Makorora na Mwanzange hawatafunzwa, nafasi zitajazwa na watu kutoka kwingine, nasi tutabaki kulalamika vibarazani.

Mafunzo ninayoyataka hayana ukumbi. Yafanyike kwenye meza ile ile anayofanyia kazi, kwa saa moja, mara moja kwa wiki, kwa miezi kadhaa. Wiki hii kuskani: karatasi isimame wima, kurasa zifuatane, faili lipewe tarehe na kumbukumbu namba, lihifadhiwe kwenye folda ya ofisi na si kwenye simu. Wiki ijayo simu. Inayofuata barua pepe: nani anawekwa kwenye nakala na kwa nini. Kisha siri: kipi kinatoka nje ya ofisi, kipi hakitoki, na ukiagizwa kutuma kitu kinachokutia shaka unamuulizaje bosi bila kuonekana mkaidi. Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote, kwa sababu mhudumu wa kwetu anaogopa kuuliza. Akiuliza anaambiwa hajui kazi, asipouliza anaandikiwa barua. Mwalimu awe katibu muhtasi mstaafu pamoja na kijana wa TEHAMA, wakae wawili, kwa Kiswahili. Wastaafu wa namba hiyo wamejaa mji huu, na wengi wangekuja hata kwa nauli tu.

Na bosi naye akae kwenye lile somo la siri, kwa kuwa agizo lilitoka kwake.

Kwa upande wangu, kuanzia Jumamosi ijayo baada ya Asri nitafunga kazi za kuchapa na kukaa na mhudumu au karani yeyote anayetaka kujifunza, bila malipo. Mashine ninazo mbili, kwa hiyo waje wachache wachache. Aje na maswali ya kazi yake. Orodha za watu aziache ofisini. Tutaanza na kuandika barua pepe iliyokamilika, tukimaliza tutaingia kwenye kutunza mafaili. Wakuu wa ofisi, kwenu nina maombi mawili: mwenye zamu siku hiyo aruhusiwe kutoka, na Jumatatu akirudi afunguliwe akaunti yenye jina lake, yenye paswedi anayoijua yeye peke yake.