Uvimbe wa ubongo, kisu au mionzi? Uliza kwanza una sentimita ngapi

Mwaka juzi grupu letu la familia liliwaka moto karibu wiki mbili kwa ajili ya kichwa cha mama mkubwa. Picha ya MRI ilionyesha uvimbe wa sentimita 5 na kidogo, mbele ya ubongo, juu tu ya pua. Kaka yetu mmoja akatuma video ya mashine ambayo mgonjwa analala humo chini ya saa moja, hakuna kisu hakuna damu, jioni anakunywa chai hotelini. Basi ikawa ndo hiyo hiyo. Michango ikaanza kuahidiwa, huyu laki mbili huyu laki tano, safari ya India ikapangwa, na yule daktari wa Dar aliyesema hapa lazima tufungue fuvu akaonekana kama vile anataka kumchinja mama yetu. Mimi nilikuwa upande wa mionzi, tena kwa nguvu zote. Tangu hapo nimesoma sana na kuwauliza madaktari sana, maana kila baada ya muda kuna mtu ananitafuta na swali lilelile, ndugu yangu kakutwa na uvimbe, apasuliwe au apigwe mionzi, na naona watu wanachagua kwa hofu kama tulivyotaka kuchagua sisi.

Kwanza hili neno mionzi linatuchanganya. Kuna mionzi ya kawaida ya saratani, ile ya kwenda kila siku kwa wiki kadhaa, dozi kidogo kidogo, na kama saratani imesambaa kichwani mara nyingi inapigwa kichwa kizima. Halafu kuna hii nyingine inaitwa radiosajari, upasuaji wa mionzi japo hakuna kinachopasuliwa, dozi kubwa inayotolewa kwa siku moja au siku chache zisizozidi tano, inalengwa kwa usahihi wa milimita. Aliyeianzisha ni daktari wa upasuaji wa ubongo wa Sweden, Lars Leksell. Jina lenyewe alilitoa 1951, na mashine ya kwanza ya Gamma Knife ikaanza kazi Stockholm mwishoni mwa miaka ya 60. Alitaka njia ya kufika ndani kabisa ya ubongo bila kufungua fuvu. Mashine za siku hizi za aina hiyo zina vyanzo 192 vya kobalti-60, kila mwale peke yake ni dhaifu na unapita kwenye ubongo bila madhara ya kuhesabika, ila pale yote inapokutana ndo dozi inakuwa kali. Chukulia umeme umekatika, watu 192 wamesimama kuzunguka uwanja kila mmoja na katochi kadogo, wote wanamulika jiwe moja.

Kuna mzee mmoja aliyefanyiwa nilikaa naye akanielezea vizuri. Fremu ya chuma inafungwa kichwani kwa skrubu nne, mbili kwenye paji la uso mbili kisogoni, kwa ganzi, na mwenyewe uko macho. Anasema zilizomuuma ni sindano za ganzi, skrubu zenyewe alihisi tu kichwa kimebanwa kama kimevishwa sufuria ndogo, baada ya dakika kumi akazoea. Jioni wakaifungua, wakambandika plasta nne, kesho yake akaenda sokoni. Ukilinganisha na mtu aliyetobolewa fuvu kwa drili, akalala ICU, akakaa wodini wiki nzima huku ndugu wanaogopa damu kuvuja, maambukizi, kiharusi, maji ya ubongo kutoka puani, utaelewa kwa nini watu wanakimbilia huko. Mimi pia ndo kilinivuta.

Lakini video ile haikusema kwamba uvimbe hautoki. Unabaki palepale. Mionzi inaharibu uwezo wa seli kugawanyika, kwa hiyo uvimbe unaacha kukua, mwingine unasinyaa taratibu baada ya miezi au miaka, na mwingine unavimba kwanza kabla haujatulia. Sasa mtu ambaye uvimbe wake tayari umeubana ubongo, anatapika asubuhi, macho yanafifia, huyo hana miaka miwili ya kusubiri. Na ukubwa wenyewe ni tatizo, maana kadiri uvimbe unavyokuwa mkubwa ndivyo ubongo mzima ulioko pembeni unavyokula dozi, ndo maana kwa kawaida radiosajari ya siku moja inaishia kwenye uvimbe wa kama sentimita 3 hivi. Mama mkubwa alikuwa na 5. Yaani ile michango yote tungefika India tukaambiwa kitu kilekile alichotuambia daktari wa Dar bure.

Hebu nisimame upande wa mionzi kidogo maana nao wana hoja nzito. Chukua uvimbe unaoota kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, ambao si saratani na unakua polepole. Huo umekaa jirani na mshipa unaoendesha misuli ya uso, mpasuaji akiugusa vibaya mgonjwa anaamka mdomo umeenda upande na jicho halifungi. Ukiwa mdogo, mionzi inauzuia kukua kwa zaidi ya wagonjwa 90 katika 100, na uso unabaki salama kwa karibu wote. Hapo kumfungulia mtu fuvu bila hata kumtajia njia nyingine naona ni kumkosea haki. Na bado kuna njia ya tatu ambayo familia zetu hazitaki hata kuisikia, kungoja huku unapima. Wanorwei walifanya utafiti Bergen, ukachapishwa 2023, wagonjwa 100 wenye uvimbe huo mdogo na wa kati, nusu wakapigwa mionzi mapema na nusu wakawa wanaangaliwa tu kwa MRI. Baada ya miaka minne waliopigwa mionzi uvimbe ulikuwa umepungua, wastani kama 0.87 ya ujazo wa mwanzo, na waliongoja ulifika 1.51. Ila kusikia na ubora wa maisha haikuwa na tofauti ya maana, na zaidi kidogo ya nusu ya waliongoja walikuwa bado hawajahitaji tiba yoyote. Mimi nilivyosoma hivyo nilinyamaza kidogo.

Upande mwingine ambao mionzi inashinda ni saratani iliyosambaa kichwani kutoka kwenye titi au mapafu, hasa vivimbe vikiwa vidogo na ni vingi. Huwezi kufungua fuvu mara sita. Wajapani walifuatilia wagonjwa 1194 wakachapisha 2014, wenye vivimbe 5 hadi 10 waliotibiwa kwa radiosajari peke yake waliishi sawa na wenye 2 hadi 4. Na ukiongeza mionzi ya kichwa kizima juu yake unalipa kwa akili. Utafiti mwingine wa 2016 wa wagonjwa 213, baada ya miezi mitatu waliopata radiosajari tu walioshuka kumbukumbu na uwezo wa kufikiri walikuwa kama 64 katika 100, walioongezewa ya kichwa kizima wakafika 92, na hawakuishi zaidi. Huku kwetu wengi wanapewa ya kichwa kizima kwa sababu ndiyo iliyopo, na familia zinaambiwa tu "atapigwa mionzi". Uliza ni ipi. Mama anayesahau majina ya wanae kwenye miezi yake ya mwisho, hilo si jambo dogo la pembeni.

Sasa kisu. Hoja ya kwanza ni ile ya kubanwa, nimeshaisema. Ya pili ndo iliyonibadilisha kabisa, kisu kinatoa nyama ya kupeleka maabara na mionzi haitoi chochote. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Patchell na wenzake kule Kentucky, walikuwa wanachukua watu wenye saratani inayojulikana na doa moja kichwani, kila mtu anaamini hiyo ni saratani imesambaa. Walivyochukua nyama, 6 kati ya 54 haikuwa hivyo, wengine ilikuwa uvimbe tofauti, wengine maambukizi tu. Hiyo ni Marekani. Sasa njoo kwetu ambako TB ya ubongo inaweza kutokea kwenye picha kama uvimbe unaong'aa pembeni, na kuna toksoplazma, maambukizi ya vimelea, kwa wenye VVU, na kuna minyoo ya tegu ya nguruwe inayojenga vifuko kwenye ubongo, yote hayo yanatibika kwa vidonge. Kumpiga mtu dozi kubwa ya mionzi kwenye kitu ambacho hujakijua jina, huku kwetu, mimi siwezi kukubali mpaka madaktari wawe na sababu nzito sana. Zipo aina ambazo picha peke yake inatosha, ule wa mshipa wa kusikia ni mmojawapo, lakini ni zile tu zenye sura yake na mahali pake pa kujulikana.

Na utafiti huohuo wa Kentucky ulionyesha kwamba wale wa doa moja waliotolewa kwa upasuaji kisha wakapigwa mionzi waliishi wiki 40, waliopata mionzi ya kichwa kizima tu wiki 15. Kwa meninjioma, aina aliyokuwa nayo mama mkubwa, inaota kwenye utando unaofunika ubongo na nyingi si saratani, mpasuaji Donald Simpson tangu 1957 alionyesha kwamba ukitoa yote pamoja na mzizi wake kwenye utando inarudi kwa kama 9 katika 100, ukiacha kipande inakaribia 40. Kwa hiyo kisu kikiweza kufika kote salama, kinamaliza kazi siku hiyohiyo. Shida ni hapo kwenye "salama". Mpasuaji anayefukuzia kipande cha mwisho kilichong'ang'ania mshipa mkubwa wa damu anaweza kukupa picha nzuri ya MRI na mgonjwa aliyepooza.

Kuna aina moja nitaipitia haraka maana inaniuma, glioblastoma, saratani kali inayoanzia kwenye ubongo wenyewe. Hiyo inajipenyeza kwenye ubongo kama maji kwenye mchanga, haina mpaka wa kulenga. Kinachofanyika ni kupasua kadiri inavyowezekana, kisha mionzi ya kawaida ya wiki sita na vidonge vya saratani vya temozolomaidi. Kuongeza radiosajari mwanzoni kulijaribiwa kwa wagonjwa 203, matokeo yakatoka 2004, walioongezewa waliishi miezi 13.5, wasioongezewa 13.6, hakuna kitu. Ndugu zangu msiuze kiwanja kwa hilo.

Huku kwetu ubishi wa kisu au mionzi mara nyingi unakuwa umeshaamuliwa kabla daktari wa ubongo hajamwona mgonjwa, na anayeuamua ni muda. Mama mkubwa alibadilishiwa miwani mara tatu ndani ya miaka miwili. Alikuwa mama mcheshi akawa anakaa tu barazani haongei, tukasema ni uzee, wengine wakasema karogwa. Na dalili kubwa kuliko zote ilikuwa jikoni tukaipita, wali unaungua mpaka jirani anaita, yeye kakaa pembeni ya jiko hasikii harufu. Ile ndo ilikuwa meninjioma inakula mshipa wa kunusa. Hospitali moja niliyompeleka walimpa dawa za mafua. Angepata MRI wakati ule pengine ingekuwa sentimita 2, na tungekuwa na njia tatu mezani. Alivyofika kwenye mashine ilibaki moja.

Kwa hiyo mtu akiniambia serikali inunue mashine ya radiosajari kwanza, namwelewa, Nairobi pale KUTRRH, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, wana mashine ya radiosajari ya CyberKnife na ni faraja kubwa kwa ukanda wote huu kwamba si lazima kupanda ndege ya Mumbai. Hapa Dar, MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, wanatoa uvimbe wa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kwa kupitia puani bila kufungua fuvu, hospitali ya saratani ya Ocean Road wana LINAC, mashine ya mionzi ya kawaida, tangu 2018, na LINAC ikiwa na vifaa vyake na wanafizikia wake inaweza kufanya radiosajari pia, ingawa usisikie tu jina LINAC ukadhani tayari ipo, uliza. Lakini mashine hizi zote zinataka uvimbe mdogo, na uvimbe mdogo unapatikana kwa mtu aliyewahi kupigwa picha. Jambo jingine ni kurudi. Aliyepigwa mionzi anatakiwa MRI kwa miaka mingi, maana kinachoonekana kimekua kinaweza kuwa ubongo ulioungua kwa mionzi au uvimbe unaoendelea, na ukikosea kati ya hivyo viwili umeharibu. Mtu wa Newala au Kibondo anayeuza mbuzi kila akienda kupima, huyo nadhani apewe njia inayomaliza mengi kwa mara moja ikiwa inawezekana, hata kama kwenye kitabu njia zote mbili ni sawa.

Na siku hizi wanaojua kazi hawabishani tena kama sisi kwenye grupu. Mpasuaji anatoa sehemu kubwa inayobana, kwa makusudi anaacha kile kipande kilichoganda kwenye mshipa wa uso au wa macho, halafu kipande hicho kikionyesha kukua ndo kinapigwa radiosajari. Ndivyo alivyofanyiwa mama mkubwa. Alikaa saa nane nzima kwenye chumba cha upasuaji, siku mbili ICU, majibu ya maabara yakasema gredi ya 1, si saratani. Kimebaki kipande cha milimita 6 jirani kabisa na mshipa wa fahamu wa macho. Sasa grupu limeanza tena, kuna wanaotaka kipigwe mionzi leo ili yaishe. Tatizo mshipa wa macho hauvumilii dozi kubwa, kwa miaka mingi kikomo kilikuwa grei 8, grei ndo kipimo cha dozi ya mionzi, kwa mara moja, siku hizi wengi wanafika 10, na ukiwa karibu hivyo inabidi igawanywe siku kadhaa. Mimi nimesema tungoje, kila mwaka picha, kikisogea tunaenda Nairobi. MRI mbili zimepita hakijasogea.

Macho yamerudi kiasi cha kusoma meseji. Maneno yamerudi yote, anatusema kama zamani. Harufu haijarudi na daktari alishasema haitarudi, kwa hiyo akipika anamsimamisha mjukuu wake wa miaka saba karibu na jiko, anamuuliza, we Mwana, unasikia nini sasa hivi? Mtoto ananusa, anamwambia bado bibi, bado kidogo.