Kecksburg 1965: moto wa angani na dude la msituni ni kesi mbili

Kwenye stori za vimondo kudhaniwa UFO, yaani vyombo vya angani visivyojulikana, hii ya Kecksburg ndo inabishaniwa sana, na mi naona inabishaniwa vibaya, watu wanachukua maswali mawili wanayakoroga pamoja. Kulipita nini angani? Na wanajeshi walifuata nini porini?

Tarehe 9 Desemba 1965, saa kumi na moja kasoro robo jioni hivi, moto mkubwa ulikatiza anga ukaonekana Michigan, Ohio, Ontario kule Kanada mpaka Pennsylvania. Kijijini Kecksburg, Pennsylvania, watu wakasema kimeangukia kwenye pori lao, wanajeshi wakaja wakazuia watu kuingia, baadaye tamko likatoka kwamba hakuna kilichopatikana. Miaka ikapita, wengine wakasimulia waliona dude la chuma, umbo kama kengele, ukubwa wa gari dogo, linapakiwa kwenye lori la jeshi.

Wanaastronomia wao walitumia picha mbili za mkia wa moshi zilizopigwa Michigan, wakapiga mahesabu wakakuta njia yake inaishia upande wa Ziwa Erie, karibu na Windsor, yaani zaidi ya kilomita 300 kutoka Kecksburg na wala hakikuwa kinaelekea huko. Wapinzani wanasema waliopiga picha walikuwa wamekaribiana mno wao kwa wao, kosa dogo la pembe linahamisha njia yote. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Ila siku hiyohiyo hata Elyria, Ohio, watu waliripoti majani yamewaka moto wakadhani kimeangukia kwao, sasa kitu kimoja kitaangukaje kila mahali? Kimondo kinawaka kikiwa makumi ya kilomita juu, kikizama nyuma ya miti jicho halina cha kupimia umbali, kila mtu anaona kimeangukia shamba la jirani.

Kwa hiyo la angani mimi nawapa wanaastronomia, kilikuwa kimondo. La porini ndo gumu, na hapa siwacheki wanakijiji hata kidogo. Ilikuwa Vita Baridi, jeshi kwenda kuangalia kama kuna kipande cha Warusi si ajabu, na kweli chombo chao cha anga za juu Kosmos 96 kiliingia tena kwenye hewa ya dunia siku ileile, shida ni kwamba rekodi za Marekani zinaonyesha kilishuka saa kama 13 kabla ya ule moto. Halafu mwaka 2005 NASA, shirika la anga la Marekani, wakaja kusema vilivyopatikana vilikuwa vipande vya setilaiti ya Kirusi, ila nyaraka zimepotea! Ukishaambiwa hakikupatikana kitu, halafu unaambiwa kilipatikana, hapo nani atakuamini? Mwandishi Leslie Kean aliwapeleka mahakamani, 2007 wakakubali kutafuta upya, na hakijatoka cha kumaliza ubishi.

Upande wa mashahidi nao una tatizo lake, maelezo mengi ya lile dude yalikuja miaka mingi baadaye, na mwaka 1990 kipindi cha TV kilitengeneza sanamu yake ambayo mpaka leo imewekwa palepale kijijini, sasa kutenganisha alichokiona mtu 1965 na alichokiona kwenye TV sio kazi rahisi.

Anayesema jeshi lilibeba kitu Kecksburg anaweza kuwa sahihi bila ule moto kuwa UFO, ila basi atuonyeshe hicho kitu kilifikaje pale, maana kwa njia ile iliyokokotolewa kwenye picha, kimondo hakikufika Kecksburg, hakimsaidii.