Mimi na Paiki kwenye Chambo Kimoja

Naomba ieleweke mapema kwamba paiki yule hakunivua kwa kukusudia. Shemeji yangu husimulia vingine, na kila ndugu wanapokutana yeye ndiye huwahi kufungua mdomo. Nimeona niandike ya kwangu kabla ya kwake hayajawa historia.

Kwa asiyemjua, paiki ni samaki wa maji baridi, tena kwa maana zote mbili: kwa kawaida hakai baharini, na anapenda nchi ambazo maziwa yake huganda. Ana mwili mrefu kama gogo lenye madoa. Pezi la mgongoni limesogezwa nyuma kabisa karibu na mkia, kama mzigo kwenye kibebeo cha baiskeli, na ndiyo maana huweza kukaa kimya saa nzima kisha akachomoka kama mshale. Mdomo wake ni bapa kama wa bata, ila bata aliyejazwa misumari. Taya la chini lina meno marefu ya kuchomea. Kaakaa limejaa meno madogo yaliyoinamia ndani, kiasi kwamba kinachoingia humo kina njia moja tu ya kwenda. Hayo yote niliyajua. Usiku ule nilikuwa nimetazama video hadi saa nane.

Shemeji amevua paiki miaka mingi na wote huwarudisha majini. Wale wakubwa kabisa, anasema, karibu wote ni majike, maana madume hayafiki ukubwa huo. Jike moja kubwa hubeba mayai laki na zaidi, na juu ya hayo huwala paiki wadogo wasijazane ziwani. Ukimuua mmoja umeua mkunga, mama na askari kwa siku moja. Anajua pia kwamba mwaka 1986, huko Ujerumani, alivuliwa paiki wa kilo 25, na hukutajia mwaka huo kwa heshima kama siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Ya mtoto wake huisahau.

Nilimwomba twende Agosti. Akakataa. Maji yakipata joto hewa yake hupungua, paiki akipigana humo huishiwa nguvu, na hata ukimwona anaondoka vizuri anaweza kwenda kufia mbele. Tukasubiri mpaka mwishoni mwa Oktoba. Asubuhi ile hewa yote ya ziwani ilikuwa tele, na ya kwangu ilitoka puani kama moshi wa treni.

Kwanza akapanga vifaa. Kulikuwa na wavu wa mkono ambao ningeweza kulala ndani yake, wa nyuzi laini zisizo na mafundo ili usimkwangue samaki ute unaomkinga na magonjwa. Godoro la samaki, nene, ambalo alililowesha kwa ndoo. Mfuko wa kupimia uzito, nao akaulowesha. Koleo refu la kama sentimita 30. Koleo la kukatia waya. Glavu. Mizani.

"Shemeji," nikamwambia, "tunavua au tunazalisha?"

"Cheka tu. Samaki huyo anatisha kwa sura, lakini ndani ni yai. Umefinya ndoana zako?"

Na hapa ndipo nilipodanganya. Ndoana ina kijimwiba nyuma ya ncha, ambacho huizuia kurudi ilikotoka. Shemeji hukifinya kwa koleo hadi kilale, ili ndoana itoke kwa samaki bila kuchana nyama. Kwangu mimi ndoana iliyofinywa ni mlango usio na komeo. Nimesafiri mbali, nimeamka saa kumi usiku, nimevaa soksi tatu, halafu nimfungulie samaki mlango? Chambo changu, kisamaki cha plastiki chenye urefu wa kiganja na ndoana mbili za pembe tatu tumboni, kilikuwa mfukoni na vijimwiba vyake vyote sita vikiwa vizima.

"Nimefinya," nikasema.

Tukarusha mishipi kwa saa nne. Sitazisimulia kwa sababu hazikuwa na kitu. Nilianza kuamini ziwa lile lina maji tu. Saa tano hivi nikawa navuta chambo kwa mara ya mwisho, nimemgeukia Shemeji, na maneno yangu yalikuwa haya: "Mimi nadhani humu hamna hata—"

Maji ya miguuni pangu yakapasuka.

Paiki ana tabia hiyo. Hufuata chambo kimyakimya toka mbali, akakichunguza kama mnunuzi asiye na haraka, na akiona kinataka kumtoroka ukingoni ndipo huamua. Nilichokiona ni taya jeupe lililofunguka kama buti la gari, kisha ubavu wa kijani uliopita bila kwisha. Shemeji anadai nilipiga kelele. Nilimwita. Kwamba nilimwita kwa sauti nyembamba ni kwa sababu ya baridi.

Zamani nilidhani ustadi ni kumzungusha samaki hadi achoke mwenyewe. Shemeji alikuwa ameniwekea mshipi mnene na, mbele yake, nusu mita ya waya ambao meno hayawezi kuukata, akanikataza mchezo. "Vuta! Usicheze naye! Akichoka sana hatapona!" Nikavuta. Paiki naye akavuta. Mara mbili alitoa kichwa nje ya maji akakitikisa, na kila mara nilijiona jinsi nilivyo mdogo katika ulimwengu huu. Dakika tano hazikufika, Shemeji akapitisha wavu chini yake na samaki akaingia mzima, ingawa mkia uliomba nafasi zaidi.

Shemeji hakumtoa majini. Alimwacha mlemle wavuni, ndani ya maji, apumue, nami nikapewa mpini niushike. Godoro lilikuwa hatua kumi nyuma, kwenye nyasi. "Nalisogeza na kuweka sawa mizani na kamera," akasema, "ili akitoka nje asikae hata dakika moja. Wewe shika wavu. Usimguse mpaka nirudi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu lilipona.

Unielewe, lakini. Huyo alikuwa samaki mkubwa kuliko wote niliowahi kuona, amelala pale ananitazama kwa jicho la manjano, na video ilikuwa imeonyesha wazi namna ya kumshika: unapitisha vidole chini ya kifuniko cha matamvua, yale anayopumulia, pembeni kabisa, unavitelezesha mbele ukiufuata mfupa wa taya hadi vinapokutana kidevuni, bila kugusa yale matamvua yenyewe mekundu. Nikasema Shemeji akirudi anikute nimeshamshika kama fundi. Nikapiga magoti, nikaegemeza mpini wa wavu begani, nikazamisha mkono wa kulia. Glavu zilikuwa kwenye godoro.

Na niliweza! Hili Shemeji hulirukia kila anaposimulia. Vidole viliingia vizuri, vikafika kidevuni, samaki akatulia. Nilikuwa nimemshika paiki kitaalamu kwa sekunde zisizopungua nne.

Kumbuka chambo kilikuwa na ndoana mbili. Moja ilikuwa pembeni mwa mdomo wa paiki. Ya pili ilikuwa inaning'inia tu, haina kazi. Paiki akatikisa kichwa mara moja, akaipa kazi.

Iliingia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, upesi na bila kelele, kama sindano ya cherehani. Sikuhisi maumivu mara moja. Nilichohisi ni kuunganishwa. Upande huu mimi, upande ule samaki mwenye uzito wa mtoto wa miaka mitatu, na katikati yetu sentimita chache za plastiki yenye tabasamu la kuchorwa. Akaenda kushoto, nikaenda kushoto. Akazama kidogo, nikalala kifudifudi. Maji yakaingia kwenye mkono wa koti, yakapanda hadi kwapani, yakatulia hapo kama yamefika nyumbani.

"Shemeji," nikaita, kwa upole, kama mtu anayeuliza saa.

"Nakuja! Umemwacha apumue?"

"Anapumua. Shemeji, njoo na lile koleo."

"Lipi?"

"La kukatia."

Kimya. Kisha miguu ikikimbia. Akafika, akatazama wavu, akatazama mkono wangu, akapiga magoti ubavuni pangu kwa uso wa huzuni kabisa. Nami nakiri nilifarijika. Akauliza:

"Matamvua hujayagusa?"

"Shemeji, nimechomwa ndoana!"

"Nimeona. Matamvua?"

Alipoona hakuna damu ya samaki, bali yangu tu, akatulia. Akasema hamna neno, kwa kuwa tumefinya vijimwiba itatoka ilivyoingia. Akaishika ndoana ya kwangu kwa vidole viwili, akairudisha nyuma taratibu. Haikurudi. Nilichofanya mimi hakiandikiki. Akajaribu tena kidogo tu. Kisha akaiacha, akakaa juu ya visigino vyake, akalitazama ziwa kwa muda.

"Shemeji."

"Naam."

"Ulisema umefinya."

Paiki alikuwa ametulia kabisa wakati huo. Nadhani naye alitaka kusikia jibu.

Nilidhani sasa nitahudumiwa. La hasha, kulikuwa na foleni na mimi nilikuwa wa pili. Koleo la kukatia lilikata kwanza kile kipete kinachoshikiza ndoana yangu kwenye chambo, nikawa huru, nikiwa na pembe tatu za chuma mkononi kama pambo. Kisha akamgeukia mgonjwa mwenyewe. Kwa sababu ya vijimwiba vyangu hakutaka kuivuta ndoana ya samaki, akaikata vipande mlemle ndani ya maji, akavitoa kimoja kimoja kwa koleo refu, huku anamnong'oneza, "Pole, mama. Pole. Si kosa lako." Mimi nilinong'onezewa nishike mizani kwa mkono wa kushoto.

Tukamtoa majini akiwa ndani ya ule mfuko uliolowa. Kilo 13 na nusu, mizani ikitetemeka kwa sababu niliishika mimi. Akamlaza kwenye godoro, akamfunika macho kwa kitambaa chenye maji, maana paiki hana kope na giza humtuliza, akampima: sentimita 118. Samaki amelala kwenye godoro, amefunikwa, anamwagiwa maji. Mimi nimekaa kwenye tope, natoneka.

Nikaomba picha. Ndoto ya kila mvuvi ni hiyo. Lakini paiki mzito haning'inizwi kwa taya, uti wake haukuumbiwa kubeba mwili wima. Hushikwa kwa mikono miwili, amelala mlalo, chini karibu na godoro. Nami mikono miwili sikuwa nayo. Kwa hiyo picha iliyopo, picha pekee ya samaki mkubwa wa maisha yangu, inaonyesha Shemeji amemkumbatia na kutabasamu, na pembeni kulia kipo kiatu. Kiatu ni changu.

Akamrudisha majini, akamshika kwa chini, mkono mmoja tumboni na mmoja kwenye shina la mkia, ameelekea mbele, akamngoja. Hakumsukuma wala kumvuta huku na huku. Alingoja tu. Dakika moja. Mbili. Kidole changu kilikuwa kimeanza kuwa na mapigo yake ya moyo.

"Shemeji, mwachie basi."

"Mpaka aamue mwenyewe."

"Na mimi je?"

"Wewe una gari."

Dakika ya nne au ya tano matamvua yakaanza kufunguka na kufunga kwa mpangilio, mapezi yakasimama, akajinyoosha. Kisha akaondoka kwa pigo moja la mkia, na maji ya pigo hilo yakanipata mdomoni, kwa kuwa nilikuwa nimeufungua nikitaka kusema "hatimaye." Shemeji alibaki amepiga magoti, anatazama kile kivuli kikiingia kwenye magugu. Nikaona macho yake yana unyevu. Yangu pia, ingawa kwa sababu nyingine.

Hospitalini tulipokelewa vizuri. Muuguzi alinichoma sindano ya pepopunda, na daktari, kijana mwenye utulivu, akanichoma ya ganzi. Halafu akanieleza atakachofanya. Ndoana yenye kijimwiba hairudishwi nyuma, akasema. Husukumwa mbele mpaka ncha itokee upande wa pili, kijimwiba kikaondolewa kwa koleo, kisha ndiyo inarudi bila shida.

"Yaani unakifinya," akasema Shemeji toka kwenye kiti cha pembeni.

"Nakikata. Lakini ndiyo, wazo ni hilohilo."

"Sikia, Shemeji. Kwa koleo."

Daktari akahangaika kidogo na kikatio chake, chuma kikamshinda. Shemeji akaingiza mkono kwenye koti, akatoa lile koleo letu, akampa. Lilikwenda kuoshwa kwa dawa, likarudi, likakata mara moja tu, tak, na ndoana ikatoka kama haijawahi kuwa na kinyongo na mtu. Daktari akaligeuzageuza lile koleo mkononi kwa husuda.

Kisha akaanza kufunga bandeji, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kupenda habari, akauliza, "Na huyo samaki mwenyewe yuko wapi?"

"Yule alikuwa mzima, daktari, tukamwachia," akasema Shemeji. "Tulibaki na huyu."