Deni Langu Limeenda Hewani

Kila asubuhi nikiwasha gari, kuna mama wa Kijapani ananisemesha. Sauti ya upole, kama nesi anayekudanganya kwamba sindano haiumi. Miaka miwili nilijua ananitakia safari njema, na kwa adabu zangu nilikuwa namjibu, "Ahsante mama." Siku moja nikampa lifti jamaa anayekijua hicho Kijapani, akacheka mpaka akaegemea dashibodi. Kumbe mama anadai kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Barabara zenyewe ziko Japani! Mimi niko Kimara nasubiri kuingia Morogoro Road, yeye anataka kadi.

Gari nimelinunua, lakini roho yake iko kwao. Redio ndiyo kabisa.

Mimi sina makuu. Nataka nyimbo zangu za zamani, zile za magitaa na matarumbeta, zinisindikize mpaka Posta. Nyimbo ziko kwenye simu, spika ziko mlangoni, na kati yao hapafiki hata mkono mmoja. Huo mkono mmoja umenila hela kuliko matairi.

Redio ni ya mwaka 2005. Tundu la waya hakuna, pa kuchomeka flashi hakuna. Kuna mdomo wa CD, unameza na kutapika hapo hapo, na chini yake mdomo mwingine umeandikwa MD. Nilizunguka Kariakoo na swali hilo mpaka muuza redio mmoja mzee akanihurumia. Ni visahani vidogo ndani ya kasha, Sony walivitoa mwaka 1992, Wajapani wakavipenda, sisi vikatupita kama mwendokasi iliyojaa. Mashine zake waliacha kuzitoa mwaka 2013. Kwa hiyo ninatembea na tundu la marehemu. Mwanangu wa mwisho kalipatia kazi, katumbukiza shilingi mia mbili. Nikipita kwenye tuta inalia. Huo ndio ulikuwa muziki wa kwanza wa redio hiyo.

FM nayo ina mambo. Ya Kijapani ya enzi hizo inaanzia 76 inaishia 90. Huku kwetu tunaanzia 87.5 tunapanda mpaka 108. Yaani mimi na Tanzania tunakutana kwenye kichochoro cha megahezi 2.5 tu, na humo kila mtu keshapanga meza. Fundi mmoja wa Gerezani akataka kuniuzia kidude cha kushusha mawimbi, stesheni ya 98 uikute 88. Nikamwambia hesabu za kutoa niliziacha shuleni, halafu sitaki stesheni, nataka nyimbo zangu.

"Basi nikufungie AUX, tundu la waya wa simu, mzee."

Akang'oa dashibodi, akaunga waya, akarudisha, akabaki na skrubu nne mkononi. Akazitazama. Akazitia mfukoni. Nikanyamaza, maana muziki ulikuwa unatoka! Ila umetoka na mbu. Nikikanyaga mafuta, mbu anapandisha sauti, nikiachia anashuka, anafuata injini kama kaajiriwa.

"Hiyo ni erthi," fundi akasema. "Simu inavuta chaji humo humo kwenye gari, umeme wa altaneta unapita kwenye waya wa muziki. Chomoa chaja."

Nikachomoa, kweli mbu akafa. Na simu ikafa, pale Manzese. Sasa chagua mwenyewe, uende na mbu au uende na ukimya.

Ndipo nikanunua kale kadude kanakochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara. Kanapokea simu kwa Bluetooth, kanarusha kwa FM, redio inadaka. Nikakatafutia nafasi kwenye kichochoro changu, nikawa mkurugenzi wa stesheni yenye msikilizaji mmoja.

Nilidhani mmoja. Kumbe kwenye foleni kuna wakurugenzi kibao, tena kwenye namba hiyo hiyo. Gitaa linaanza kulia vizuri, gari la pembeni linajongea, mara, "PEPO TOKAAA!" Nasogea mita tano, gitaa linarudi. Wiki nzima nimetolewa mapepo kwa vipande vipande.

Juzi sasa, Ubungo, foleni imelala, vioo chini maana AC niliisahau lini sijui. Simu ikaita, kadude kakapokea kenyewe. Sauti ikajaa gari zima, "Ndugu yangu, ile laki mbili na nusu ya mabati!"

"Kaka," nikasema kwa huzuni ya kutosha, "niko Dodoma, tumefiwa."

"Pole sana. Sasa hela lini?"

Hiyo "hela lini" niliisikia mara mbili. Mara ya kwanza kwenye spika zangu, mara ya pili kwenye gari la kulia. Dereva wake katoa kichwa dirishani, abiria wake wa nyuma katoa kichwa.

"Mzee, hapa Ubungo," akaniambia kwa sauti ya mtu anayesaidia mgeni. "Dodoma bado sana."

Kimya. Halafu spika zikasema, zangu na za jirani kwa pamoja, "Kumbe uko Ubungo? Mimi niko hapa Shekilango. Usiondoke."

Niondoke niende wapi? Mbele lori, nyuma daladala. Nikazima gari ili kadude kakate simu, nikawasha tena. Mama wa Kijapani akanikumbusha, kwa upole wake ule ule, kwamba sijachomeka kadi ya malipo.