Rimu Kubwa na Gari Chini: Mambo Mawili Yanayogombea Nafasi Moja

Anayetoka kununua rimu za inchi 18 au 19, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mara nyingi huwa hajamaliza shughuli. Akishazifunga anarudi nyuma hatua mbili, anatazama uwazi uliobaki kati ya tairi na madigadi, na kuona bado kuna kitu hakijakaa. Fundi naye anakuwa na jibu tayari: tushushe kidogo. Ndivyo Toyota Mark X na Crown, na Subaru Impreza nyingi zinavyoachana na kimo cha kiwandani, zikashuka sentimita tatu, tano, na nyingine zaidi ya hapo.

Wanaolipenda jambo hili wanasema gari lililoshushwa linashika barabara na linapendeza. Wanaolipinga wanasema ni kuharibu gari zima kwa ajili ya macho ya watu. Pande zote mbili zina ukweli, ila zinakosea pamoja mahali pamoja: zinachukulia kuongeza rimu na kushusha gari kuwa kitu kimoja. Ni vitu viwili. Kila kimoja kinaweza kutetewa. Vikiwekwa pamoja kwenye gari la kutembelea kila siku, vinaanza kulana.

Tazama tairi lenyewe kwanza. Namba 215/60R16, ambayo utaikuta kwenye Mark X nyingi, ni upana wa milimita 215, ukuta wa asilimia 60 ya upana huo, na rimu ya inchi 16; ina maana kwamba ukuta wa tairi una urefu wa milimita 129, na tairi zima kutoka juu hadi chini lina milimita 664 hivi. Ukipanda hadi rimu ya inchi 18 kwa utaratibu unaotakiwa, unafunga 225/45R18. Tairi zima linabaki milimita 660, karibu sawa na mwanzo, kwa hiyo spidometa haidanganyi na gia hazibadiliki hisia. Kilichopungua ni ukuta: milimita 101. Ukienda inchi 19 kwa 225/40R19, ukuta ni milimita 90. Inchi 20 kwa 225/35R20, ni 79.

Hapo kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Kama tairi zima limebaki na kimo kilekile, uwazi wa chini ya madigadi haukuongezeka hata kidogo. Jicho ndilo limebadilika: bati linalong'aa limekuwa kubwa, raba nyeusi imekuwa nyembamba, na uwazi uliokuwepo tangu kiwandani sasa unajionesha. Kwa hiyo anayesema lazima ashushe ili rimu zikae hasemi habari ya ufundi. Anasema habari ya sura. Ni sababu halali, na nitaitetea mbele, lakini ijulikane hivyo kabla pesa haijatoka mfukoni.

Kwa upande wa ufundi mambo yanakwenda kinyume kabisa. Rimu kubwa huwa pia ni pana zaidi, na mara nyingi inatokeza nje kuliko ya awali. Inahitaji nafasi ya kupanda, kushuka na kukata kona bila kugusa kitu. Kushusha gari kunaondoa nafasi hiyohiyo. Ndiyo maana mtu anafika gereji na gari linalokwangua plastiki ya ndani kila akikata kona akiwa na abiria nyuma, na tiba anayopewa ni kukunja midomo ya madigadi, au kuyalaza magurudumu kwa ndani, au kufunga tairi jembamba kwenye rimu pana ili ukuta wake uvutike. Kila tiba inazaa ugonjwa wake.

Nirudi kwa wanaoshusha, kwa sababu hoja yao kuu ni ya kweli. Gari likikata kona, uzito unahama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama kinategemea kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani. Kwenye gari la saluni la kawaida kitovu hicho kinaweza kuwa kama sentimita 55 kutoka ardhini. Ukishusha gari kwa sentimita tatu umepunguza uzito unaohama kwa karibu asilimia tano. Si kitu cha kumshangaza mtu kwenye foleni, lakini kwenye barabara laini dereva anakisikia, hasa kama springi mpya ni ngumu kidogo na shokapu zimechaguliwa kuendana nazo. Gari linaitika usukani mapema, halilali sana, halipigi mbizi ukikanyaga breki. Anayepita kila siku Nairobi Expressway, kilomita 27 za lami isiyo na tuta, ana haki ya kukitaka kitu hicho.

Lakini faida hiyo haiongezeki kadiri unavyozidi kushuka. Mbele ya Impreza kuna nguzo za aina ya MacPherson: shokapu na springi vimesimama pamoja, na chini kuna mkono mmoja unaoshika gurudumu. Kiwandani mkono huo umepangwa kwa pembe maalumu. Ukishusha gari, mkono huo unalala, na ukizidi kushusha unageuka kuelekea juu upande wa gurudumu. Hapo ile nukta ambayo bodi linajizungushia wakati wa kulala inashuka haraka kuliko bodi lenyewe, na bodi linapata nguvu kubwa zaidi ya kulala kuliko lilivyokuwa kabla ya kushushwa. Springi ngumu zinaweza kulificha hilo, hazilifuti. Tairodi, zile fimbo za usukani zinazogeuza magurudumu, nazo zinapoteza pembe yake, na gurudumu likipanda kwenye tuta au likiingia shimoni usukani unavutwa bila dereva kuugusa. Sentimita mbili au tatu gari linazivumilia. Tano na kuendelea unakuwa umeingia kwenye kazi ya kubadilisha mikono na bolijointi, na wateja wachache huambiwa hivyo kabla ya kulipa.

Sehemu inayonikera kuliko zote ni kukata springi. Inafanyika kwa sababu ni rahisi: springi inatolewa, grainda inapita, inarudishwa, gari limeshuka mchana uleule. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ikikatwa mmoja, inakuwa ngumu kwa asilimia 20. Shokapu iliyotengenezwa kwa springi ya zamani haiwezi kuituliza, kwa hiyo gari linaruka badala ya kutua. Shokapu hiyo pia imebaki na urefu wake, springi imekuwa fupi. Gurudumu likining'inia, springi inaweza kulegea kitakoni na kutoka mahali pake. Kibaya zaidi ni kuichoma kwa moto mpaka inywee. Chuma cha springi kina ugumu uliopatikana kwa kupashwa na kupozwa kwa utaratibu, na moto wa gereji unauvunja. Inaendelea kunywea yenyewe, na upande mmoja unaweza kutangulia mwingine. Hili sioni upande wa pili wa kulitetea. Asiye na pesa ya springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lake asubiri.

Tukiwa kwenye usalama, kuna namba ndogo ubavuni mwa tairi ambayo wauzaji wengi hawaigusi. 215/60R16 kwa kawaida ina namba 95, maana yake tairi moja linabeba hadi kilo 690. 225/35R20 iliyoimarishwa kwa kawaida ina 90, yaani kilo 600, na ili ifikie hizo inatakiwa ijazwe upepo karibu psi 42, wakati lile la mwanzo lilifikia kilo zake kwa psi 36. Kwa matairi manne umepoteza uwezo wa kilo 360. Mark X yenye watu watano na mizigo ya Desemba bado itabebeka, ila akiba iliyokuwepo kwa ajili ya shimo la ghafla usiku imepungua, na upepo ukipungua kidogo tu inapungua tena.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Gari lina akiba mbili za kumeza pigo la barabara: raba ya tairi, na mwendo wa springi. Mtoka inchi 16 kwenda 19 amekula milimita 39 za ile ya kwanza. Aliyeshusha milimita 40 amekula karibu zilezile kutoka ya pili. Afanyaye yote mawili amepunguza kote kwa wakati mmoja, na pigo lisilomezwa halipotei. Linakwenda kwenye rimu, ikapinda au kupasuka. Linakwenda kwenye bushi, bolijointi na beringi. Likikosa pa kwenda linagonga raba ya kikomo kwenye shokapu, na abiria wote wanaisikia kwenye uti wa mgongo.

Magari mengi tunayoyatumia yametoka Japani, na baadhi yanafika yakiwa yameshashushwa. Watu huona hiyo kama uthibitisho kwamba jambo halina shida. Kule ukaguzi wa lazima unataka chini ya gari pabaki angalau sentimita 9 kutoka ardhini, na lami yao inaruhusu kuishi na kimo hicho. Huku tuta la mtaani hujengwa na wakazi wenyewe kwa saruji na hasira halali ya mtoto aliyegongwa, na urefu wake haufuati kitabu chochote. Sampo, bakuli la oili chini ya injini, ndiyo inayolipata kwanza.

Wapenzi wa Subaru Afrika Mashariki wana kumbukumbu ya Safari Rally, ya Colin McRae kushinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote wakiendesha Impreza. Inafaa watazame pia yale magari yalivyosimama. Kwenye mashindano ya dunia ya rally, gari la barabara za vumbi huinuliwa na kufungwa rimu za inchi 15 zenye tairi nene; gari hilohilo likipelekwa kwenye lami hushushwa na kufungwa inchi 18. Wahandisi walewale, dereva yuleyule. Kinachoamua ni ardhi.

Sura nayo nimeahidi kuitetea. Gari lililopangwa vizuri, rimu zimejaa madigadi bila kutokeza, mstari wa chini umenyooka, ni kitu kizuri, na mtu aliyelifanyia kazi kwa pesa yake hana haja ya kujieleza kwa yeyote. Sikubaliani na wale wanaoliita uhuni. Kuna mafundi wanaopima nafasi ya ndani kwa milimita kabla ya kuagiza rimu, wanaojua kwamba tundu la katikati la rimu za Toyota nyingi ni milimita 60.1 na la Subaru ni 56.1, na wanaokataa kufunga spesa za mtaani, zile bati za kusogeza rimu nje, zisizoshika kikombe (habu) cha gurudumu. Hao wanastahili kulipwa vizuri.

Kwa gari la kila siku mjini mimi ningechagua moja. Ama rimu ya inchi 17 au 18 na kimo cha kiwandani, ama springi fupi za milimita 25 hadi 30 pamoja na shokapu zinazoendana nazo, tairi likibaki na ukuta wake. Anayetaka yote mawili aweke koilova, yaani springi na shokapu za pamoja ambazo kimo chake kinapandishwa na kushushwa, aishie inchi 18, na ajue kwamba akisafiri mkoani atalazimika kupandisha. Springi mpya hutulia baada ya wiki chache, kwa hiyo alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, ifanywe siku ya kufunga na irudiwe zikishakaa, la sivyo tairi litaliwa upande wa ndani ambako hakuna anayeangalia mpaka nyuzi zitokeze. Na kampuni ya bima iambiwe kwa maandishi kabla gari halijaingia barabarani, kwa sababu bima husimama juu ya mteja kueleza kila kinachobadilisha hatari, na springi fupi na rimu kubwa ni vitu ambavyo mkaguzi wa ajali anaviona kwa macho tu.